Barua ya wazi kwa Meya wa Rotterdam: na sisi tunaoishi nje ya tuta?

Shikamoo Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia wewe na siyo idara ya maji kwa sababu kwa cheo chako wewe pia ndo mwenyekiti wa usalama wa eneo zima la Rotterdam-Rijnmond, yaani siku mto ukiamua kupanda maamuzi yanaishia mezani kwako. Naandika kwa Kiswahili maana huku kusini ya mto tuko wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi wa Dar, na jambo hili la mafuriko kwa wanaoishi nje ya tuta, yaani ule ukuta wa udongo unaozuia maji yasiingie mjini, linatuhusu moja kwa moja na wengi wetu hata hatujui kama linatuhusu.

Kwanza nisifu panapostahili sifa. Benthemplein pale karibu na stesheni ya Central napapenda kuliko sehemu yoyote ya mji huu. Siku kavu vijana wanacheza basketi, wanateleza na skeitibodi, wanafunzi wamekaa kwenye ngazi wanakula, halafu mvua kubwa ikija uwanja wenyewe unageuka bwawa, mabeseni mawili ya kina kifupi yanajaa kwanza na lile la kina kirefu, ambalo ndo uwanja wa mchezo, linaingiza maji pale tu mvua ikigoma kukatika, jumla karibu lita milioni 1.7 ambazo zingekimbilia kwenye mabomba ya maji taka na kuishia vyumba vya chini vya watu. Uwanja ulifunguliwa 2013, na kilichonigusa ni kwamba wachoraji walikaa na wanafunzi wa vyuo vya pale na waumini wa kanisa la jirani kabla ya kuchora. Watu waliulizwa! Dakpark nayo hivyo hivyo, maduka na maegesho chini, bustani juu ya paa karibu kilomita nzima, na tuta la kuzuia maji limepita humohumo.

Sasa Mheshimiwa, hayo yote yanawasaidia zaidi walio ndani ya tuta. Sisi wa nje je? Noordereiland, sehemu za Feijenoord, Heijplaat kule, hizi ni nyumba zilizojengwa upande wa mto, hakuna tuta kati yetu na mto wenyewe, Nieuwe Maas. Dhoruba ya kaskazini-magharibi ikikutana na bamvua mto unapanda mpaka unaingia barabara ya ukingoni ya Maaskade, magari yanahamishwa usiku, na wakati huo lango kubwa la Maeslantkering, lile la kuzuia bahari isiingie mtoni, liko wazi kabisa, kwa sababu linafungwa pale utabiri wa maji hapa Rotterdam ukifika mita 3 juu ya NAP, yaani usawa wanaoanzia kupimia kimo cha maji nchi hii, na gati zetu za zamani ziko chini ya hapo. Naelewa kwa nini, meli lazima zipite, bandari ndo inalisha mji. Desemba 2023 lilipojifunga lenyewe kwenye ile dhoruba ya Pia watu wengi walijivunia na mimi nilijivunia pia. Lakini bahari inapanda, na lango haliwezi kukaa limefungwa siku nyingi maana mto nao unaendelea kuleta maji kutoka Ujerumani kwa nyuma, kwa hiyo tusiambiwe tu kwamba lango lipo.

Kinachoniuma zaidi ni sheria. Tangu 2017 nchi imeahidi kwamba kila anayeishi nyuma ya tuta, ikifika 2050, hatari yake ya kufa kwa mafuriko isizidi 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Ahadi nzuri sana, nchi iliyozika watu 1,836 wa mafuriko ya bahari mwaka 1953 inajua kwa nini inaahidi. Ila nje ya tuta ahadi hiyo haipo, hasara ya maji ni juu ya mkazi mwenyewe. Mwenye nyumba anaweza kujipanga, atapandisha soketi za umeme, ataweka mlango imara. Mpangaji je? Amesaini mkataba kwa lugha anayoikisia nusu, kaweka friji na magodoro chini, na hajui kwamba yuko upande wa mto. Ipo tovuti ambayo ukiweka postikodi inakuonyesha maji yanaweza kufika kimo gani kwako, lakini majirani ninaoongea nao hawajawahi kuisikia.

Nenda Dordrecht uone, siyo mbali. Pale mtaa wa maduka wa Voorstraat wenyewe ndo tuta, huwezi kuupandisha maana nyumba ni za karne na karne, kwa hiyo maji yakitishia mbao zinachomekwa kwenye milango, sehemu ya kuchomekea iko tayari pale ukutani. Mtu wa Voorstraat hahitaji mtu wa kumuelezea hatari, anaiona kila akifungua duka. Huo ndo ujenzi wa mji ninaoutaka huku kwetu, unaolinda na unaosema.

Kwa hiyo naomba hivi. Kimo cha maji kichorwe kwenye kuta za mitaa ya nje ya tuta, wazi, mtoto akione akienda shule. Kila mkataba wa kupanga huku uwe na karatasi moja inayosema uko nje ya tuta, maji yanaweza kufika hapa, hasara ni yako, na fanya hivi, kwa Kiholanzi na kwa lugha za watu wanaoishi humo. Gati zikikarabatiwa, na zitakarabatiwa tu, mtuite kama mlivyowaita wale wa Benthemplein, tuchore pamoja ngazi za kukalia ambazo pia zinazuia maji. Majengo mapya kando ya mto yanapandishiwa ardhi kwanza, sawa, lakini wa zamani nao wasiachwe kwenye shimo.

Na ile siku ya Septemba lango linapofungwa kwa majaribio kabla ya msimu wa dhoruba, watu wanajaa Hoek van Holland, kule lango liliko, kutazama. Wekeni mabasi kutoka Noordereiland na Feijenoord, bure, na mtu wa kutafsiri ndani. Wa Kiswahili nitajitolea mimi.

Wako,
Mkazi wa nje ya tuta, Rotterdam Kusini