Barua ya wazi kwa vijana wanaosifiwa: mtunzeni anayewaambia hapana

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi ambao majina yenu yameanza kutajwa. Wengine mmepandishwa vyeo mkiwa bado wadogo, wengine mmepata tuzo, na wengine kazi zenu sasa zinatafutwa na watu ambao juzi tu wasingepokea simu zenu. Nawapongeza kwa moyo mweupe. Mmelitolea jasho jambo hili, na mtu asiwaambie kwamba ni bahati tu.

Lakini nimefundisha vijana kwa muda mrefu. Nimewaona wakipanda, na nimewaona baadhi yao, tena wenye vipaji vikubwa, wakikwama katikati ya sifa zao. Nimejiuliza sana kinachowakwamisha. Watu husema ni kiburi. Mimi naona kiburi huja baadaye sana. Kitu cha kwanza ambacho sifa hufanya ni kuwanyamazisha waliokuzunguka, na hilo hutokea hata kama wewe mwenyewe bado ni mpole kama zamani.

Tumekua tukisikia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo huwa tunaitumia kumsema mgema. Mimi huwafikiria wanywaji. Siku tembo lilipoanza kuwa jepesi, lazima wapo walioonja wakajua. Wakatazamana. Nani amwambie mtu mwenye jina kama lile? Wakanywa, wakasifu kama kawaida yao, wakaenda zao. Mgema akarudi nyumbani akiamini kwamba kazi yake ni ileile.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walifariki. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Moja ilikuwa ya Marekani na nyingine ya Uholanzi. Rubani mkuu wa ile ya Uholanzi hakuwa mtu wa kubabaisha. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, na picha yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika. Msaidizi aliyeketi pembeni yake alikuwa amepimwa na kupitishwa kuendesha 747 na rubani huyohuyo.

Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya Uholanzi ilikuwa imeshafika mwanzo wa njia na kugeuka, tayari kuruka. Rubani mkuu akaanza kusukuma injini. Msaidizi akamwambia bado hawajapewa ruhusa na waongozaji. Akasimamisha, akamwambia aiombe. Msaidizi akaomba, wakapewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, ambayo hayakuwa kibali cha kuruka. Msaidizi akiwa bado anayarudia maelekezo hayo redioni, ndege ikaanza kwenda. Safari hii hakumpinga. Alikuwa ameshamkosoa mwalimu wake mara moja, na pengine mara ya pili ilimshinda.

Alibaki mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao. Alikuwa amesikia redioni maneno yaliyompa shaka kwamba ndege ya Wamarekani ilikuwa bado kwenye njia ya kurukia, ndani ya ukungu, mbele yao. Akauliza kama imeshatoka. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye zikagongana.

Si haki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Mawimbi ya redio yaliingiliana, lugha iliyotumika haikuwa wazi, na wafanyakazi wa ndege ile walikuwa wanakaribia ukomo wa saa zao za kazi. Ila kuna jambo moja ambalo wachunguzi wa Hispania waliliandika, na nikilifikiria hunikosesha raha. Rubani yule alikuwa amekaa miaka mingi akifundisha kwenye mashine za kuigizia urukaji. Kule, mwalimu ndiye pia mwongozaji wa ndege. Hujipa ruhusa mwenyewe, na mara nyingi zoezi huanza bila ruhusa yoyote kuombwa. Someni hapo tena, wanangu. Heshima aliyopewa kwa haki kabisa ndiyo iliyomweka mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwambia subiri.

Baada ya ajali ile na nyingine za namna yake, ulimwengu wa urubani haukuishia kuhubiri unyenyekevu. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha juu ya suala hilo, na kuanzia miaka ya 1980 mashirika yakaanza kuwafundisha wadogo namna ya kusema na kusisitiza, na wakubwa namna ya kusikia. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Walikubali kwamba tabia njema ya rubani haitoshi, na wakaweka utaratibu unaofanya kazi hata siku rubani ana haraka au amechoka.

Ninyi wengi wenu hamrushi ndege. Ukimya wenu utakuja taratibu, na hautakuwa na kishindo. Rasimu uliyokuwa ukirudishiwa imejaa maswali pembezoni itaanza kurudi ikiwa safi, na neno moja chini: nzuri sana. Vikao unavyoviongoza vitaanza kuisha mapema. Watu watacheka kabla hujamaliza kusema. Mdogo wako kazini ataanza kila hoja kwa kusema, "Labda mimi ndiye sijaelewa." Ukisikia maneno hayo, simama. Mara nyingi ameelewa vizuri kabisa, na amejipunguza kwanza ili wewe usiumie.

Alikuwepo kijana mmoja niliyemfundisha, hodari kuliko wengi wa rika lake. Mwanzoni alikuja kwenye kila kikao na daftari lenye jalada gumu. Mbele aliandika mambo ya kikao. Nyuma, akilianza daftari kutoka ukurasa wa mwisho, aliandika kila alichokosolewa, na akishakirekebisha alikipigia mstari. Kisha akaanza kusifika. Kwanza daftari likaacha kufunguliwa kwa nyuma. Baadaye likaacha kuja kabisa. Hakuwa na dharau, wala hakuwa amemkosea mtu adabu. Ila ukianza kumweleza jambo, alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha, na wewe uliyekuwa unasema ulijikuta umefupisha. Kadiri alivyoitikia haraka ndivyo tulivyomwambia machache. Kazi yake ilibaki nzuri, lakini iliacha kukua, na hakujua ni kwa nini.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao uko ndani yenu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya kutatua, kisha wakasifiwa. Wengine waliambiwa kwamba bila shaka wana akili, wengine kwamba bila shaka wamejitahidi. Walipoachiwa wachague kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walitaka ile ambayo ingewaonyesha kuwa hodari, na wengi wa waliosifiwa bidii walitaka ile ambayo wangejifunza kitu. Wakapewa mafumbo magumu, wote wakayumba. Kisha wakapewa tena mepesi kama ya mwanzo. Waliosifiwa akili wakafanya vibaya kuliko walivyoanza. Na walipotakiwa kuwaandikia watoto wenzao alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi wa kundi hilo waliziongeza.

Watoto wale hawakuwa waongo kwa asili. Walipewa sifa ya kuilinda, wakailinda. Nanyi mkishaitwa "bora", mtaanza kukwepa kazi mnazoweza kushindwa mbele ya watu, na mtaliita jambo hilo kuwa makini. Kwa hiyo nawasihi kila mmoja awe na kitu kimoja anachojifunza ambacho ndani yake yeye ni wa mwisho darasani. Iwe lugha, iwe chombo cha muziki, iwe fani ya jirani na yako. Mahali ambapo hakuna anayejua jina lako, na mwalimu anakuambia rudia.

Mtaniuliza kama inawezekana mtu kufika juu kabisa akabaki hivyo. Mtazameni Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris, akiwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Angeweza kuishi na jina hilo hadi uzeeni. Mwaka 2012 akashindwa kuingia kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Akaenda kuanza upya kwenye marathoni, na mwaka uliofuata akashinda ile ya kwanza kwake, Hamburg. Mengine mnayajua, pamoja na ile saa 1, dakika 59 na sekunde 40 ya Vienna mwaka 2019, na saa 2, dakika 1 na sekunde 9 ya Berlin mwaka 2022, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya dunia.

Sizitaji nambari hizo kuwastaajabisha. Ninachotaka mkione ni kwamba muda wote huo kocha wake alikuwa Patrick Sang, mtu aliyemwandikia programu ya mazoezi alipokuwa kijana asiyejulikana. Dunia nzima ingempa makocha. Akabaki na yule aliyemjua kabla hajawa mtu, ambaye hawezi kutishwa na jina lake. Kwa miaka mingi Kipchoge aliandika mazoezi yake kwenye madaftari, na kambini Kaptagat alisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Wengi husimulia habari ya vyoo kana kwamba ndiyo siri yenyewe. Kwangu mimi siri iko kwa Sang.

Na siku mkikosea hadharani, kwa sababu itafika, kumbukeni habari ya Linus Pauling. Mwanzoni mwa mwaka 1953, akiwa mmoja wa wanakemia wakubwa kabisa duniani, alichapisha maelezo ya umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, yenye nyuzi tatu zilizosokotana. Yalikuwa na kosa la kemia, fani yake mwenyewe. Waliolitambua ni pamoja na James Watson, mwenye miaka 24, na Francis Crick, ambaye alikuwa bado hajamaliza shahada yake ya uzamivu. Aprili mwaka huohuo Pauling alikwenda Cambridge, akauona mfano wao wa nyuzi mbili, akakubali kwamba wao ndio wamepata. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi zake nyingine. Kukubali kwake hakukumpunguzia kitu.

Sasa niseme nisichowaomba. Siwaombi mkatae sifa. Mtu akikusifu kwa kweli, sema asante, ukae. Kujibu "mimi si lolote, si chochote" ni kumlazimisha asifu mara ya pili. Wala siwaombi mkimbilie kila neno la kila mtu. Wapo watakaowasema kwa sababu wanaumia mkipanda, na wapo watakaowasema bila hata kuitazama kazi yenu. Hao waacheni, wala msipoteze usingizi. Mtakaye kumsikia ana alama mbili. Anaijua kazi, na hapati hasara wala faida ukikasirika. Ndiyo maana ni vigumu kumpata miongoni mwa unaowalipa mishahara. Msiwalaumu kwa kuogopa. Wana watoto wa kulisha.

Mkishampata, namna ya kumuuliza ina maana kubwa kuliko mnavyodhani. Ukimwuliza mtu "umeionaje?", adabu itamlazimisha aseme ni nzuri. Mwulize ni wapi alipochoka kusoma, au ni sehemu gani angeifuta kama kazi ingekuwa yake. Mwulize ni kitu gani ulikuwa ukikifanya vizuri zamani na sasa umekiacha. Kisha nyamaza. Usieleze ulichokusudia, hata kama hajakuelewa, maana ukianza tu kujieleza ataanza kukubaliana nawe. Andika kwa mkono, mbele yake, aone kwamba maneno yake yamebaki mahali.

Msitegemee makubwa siku ya kwanza. Atakuambia dogo, kosa la pembeni, kwa kukupima. Nenda ukalirekebishe, umrudie na kazi mkononi umwonyeshe ulipobadilisha. Lile kubwa hulitoa safari ya pili au ya tatu, akishaona kwamba lile dogo ulilifanyia kazi na hukumnunia.

Nawatakia kila la heri,

Mzee wenu