Uvimbe wa ziwa usitupwe kwenye ndoo

Bwana Mhariri,

Kuna mazoea katika vituo vidogo vya upasuaji hapa Bukavu ambayo yanatusumbua. Mama anatolewa uvimbe wa ziwa, unatazamwa kwa macho, anaambiwa "ni nyama tu", kisha unatupwa. Jicho halisomi kansere.

Ni kweli, uvimbe mwingi wa ziwa si kansere. Binti mwenye kidonge kama mpira kinachokimbia chini ya vidole, mara nyingi ana fibroadenoma, uvimbe usio kansere. Mwenye miaka 35 hadi 50 huweza kuwa na mfuko wa maji: ukivutwa kwa sindano unakwisha. Maji yakiwa na damu, au kitu kikibaki chini ya kidole, lazima laboratwari. Mama anayenyonyesha, ziwa jekundu na homa juu, apewe antibiotiki na aendelee kunyonyesha. Siku tatu zikipita bila nafuu, apimwe ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) kutafuta usaha, asibadilishiwe tu vidonge. Ipo kansere inayofanana na maambukizi hayo: ngozi inakuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na mara nyingi homa hakuna.

Kansere kwa kawaida haiumi mwanzoni, ndiyo maana inasubirishwa. Uvimbe mgumu usiosogea, chuchu inayorudi ndani, damu ya chuchu, ukurutu wa chuchu usiosikia mafuta yoyote, tezi kwapani: hayo hayangoji mwezi ujao. Wanaume pia wanaipata, ingawa ni wachache.

Kabla ya kisu, itangulie sindano nene ya biopsi, yaani ya kutoa vipande vya nyama vya kupimwa, namba 14, ichukue vipande vitatu au zaidi. Wanaosema sindano inasambaza kansere wanawatisha watu bure. Kinacholeta madhara ni kukata bila mpango: haijulikani kama kingo za palipokatwa zimebaki na kansere, na mpasuaji wa pili anakuta kovu mahali pa uvimbe.

Sasa chupa ya kupelekea nyama laboratwari. Iwe na mdomo mpana. Formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya asilimia 10 ni sehemu moja ya formalini kali ya dukani na tisa za maji, na iwe mara kumi ya ukubwa wa nyama. Si maji ya chumvi, si alkoli. Nyama iingie ndani ya saa moja baada ya kutolewa, ikae humo saa 6 hadi 72. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, maana vifuniko hubadilishana. Uvimbe mkubwa uliotumbukizwa mzima huoza katikati, kwa kuwa formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Laboratwari ipewe mapema ili iupasue.

Nyama iliyoharibika haionyeshi vizuri vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za kansere zinazopokea homoni. Jibu linatoka "hakuna", na mama anakosa tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, dawa ya kuzuia homoni hiyo ambayo ingemfaa.

Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa hiyo mama aulize siku ileile: nyama yangu imepelekwa wapi, na namba yake ni ipi? Namba hiyo aitunze. Laboratwari huhifadhi nyama ndani ya kibonge cha nta, na kinaweza kusomwa tena hata baada ya miaka.

Waganga na wauguzi wa upasuaji,
Kadutu, Bukavu