Saa ya Msikitini Tunaiamini, Hesabu ya Mwezi Tunaikataa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo ninaloliandika limenikaa kooni tangu Jumapili ya tarehe 10 Machi 2024. Jioni ile, baada ya sala ya Magharibi katika msikiti mmoja hapa Tanga, kijana alikuja kusema ameuona mwezi wa Ramadhani. Nikamwomba imamu ruhusa, nikasimama, nikasema mwezi umezaliwa, yaani umepita baina yetu na jua, leo hii hii saa 6 mchana, na jua limetua saa 12 na nusu na ushei. Kwa hiyo hata umri wa saa 7 haujatimiza, na jicho la mwanadamu haliuoni mwezi wa umri huo. Mzee mmoja wa safu ya mbele hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Mwalimu, hii ni dini. Si Form Two."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa haya. Kesho yake nyumbani kwangu palikuwa na waliokula daku na waliokunywa chai saa 2 asubuhi, na shemeji yangu akaacha kusema na mke wangu mpaka karibu na kumi la mwisho, kwa kuwa alimkuta jikoni anaonja mchuzi. Simu nazo zilichochea moto. Wenye ndugu Saudia walipokea habari kwamba Ramadhani ni Jumatatu. Wenye ndugu Muscat wakaambiwa Oman inaanza Jumanne. Kila mmoja akaona wake ndio mwezi.

Nimeyarudia sana maneno ya mzee yule. Aliposema "hii ni dini" alikusudia nini hasa? Maana dakika ile ile, ukutani juu ya mihrabu, ilikuwepo saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu, imepanga nyakati za sala kutoka Alfajiri hadi Isha. Ikilia, muadhini anashika kipaza sauti. Sijawahi kumwona mtu akitoka nje na kijiti kupima kivuli ili ajue kama Alasiri imeingia, na hali ndivyo wazee wetu walivyofanya: kivuli kikilingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiondoa kile cha adhuhuri, wakati umeingia. Leo tunaitazama saa. Namba zile ni hesabu ya mwendo wa jua, zimepigwa na mtu tusiyemjua jina wala dini. Hatukumwita atoe ushahidi mbele ya waadilifu. Jua likihesabiwa tunasema alhamdulillahi, mwezi ukihesabiwa tunaambiwa ni Form Two.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hadithi ipo, ni sahihi, Bukhari na Muslim wameipokea: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, na mkizuiwa na mawingu, timizeni siku 30. Sina ugomvi nayo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kalenda peke yake inatosha. Sheikh Ahmad Muhammad Shakir wa Misri, mwanachuoni wa Hadithi na kadhi, aliitetea rai ya namna hiyo mwaka 1939. Mimi sifiki huko. Napenda tutoke tukautafute mwezi. Napenda watoto wakipanda mapaa na kelele zile za "ule pale!" hata kama ni taa ya mnara wa simu. Swali langu ni dogo kuliko hilo: mtu akija kusema ameona kitu ambacho hakikuwa cha kuonekana, je, tumpokee kwa kuwa tu amevaa kanzu safi na ameapa?

Swali hili si la wasomi wa leo waliosoma kwa Wazungu, kama tunavyosingiziwa. Taqiyuddin Subki, mwanachuoni wa madhehebu yetu haya haya ya Shafii, alikuwa Kadhi Mkuu wa Damascus na akafariki mwaka 1355. Rai yake ni kwamba hesabu ya uhakika ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona unakataliwa, kwa kuwa hesabu ile ni yakini na ushahidi ni dhana. Shahidi huweza kukosea au kusema uongo. Wapo Mashafii waliompinga, sifichi. Lakini sijamsikia aliyemwambia kadhi yule kwamba anachanganya dini na darasa.

Na katika mji ule ule, zama zile zile, msikiti mkuu wa Bani Umayya ulikuwa na mshika nyakati wake, Ibn Shatir, aliyefariki mwaka 1375. Kazi yake msikitini ilikuwa kujua saa za sala. Alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara, na pia alikaa akipiga hesabu za mwendo wa mwezi kwa namna ambayo watafiti wa karne iliyopita walishangaa kuikuta imefanana na ile ya Copernicus, mtaalamu wa nyota huko Ulaya, zaidi ya karne moja baadaye. Huyo alikuwa mtu wa msikitini. Hakuwa mpinzani amesimama nje ya mlango.

Tumezoea kuwacheka Wakatoliki kwa Galileo, mtaalamu wa nyota, mzee wa karibu miaka 70 aliyepigishwa magoti Roma mwaka 1633 akane kwamba dunia inazunguka. Tusicheke sana. Istanbul palijengwa nyumba ya kutazamia nyota mwaka 1577, yenye vyombo vya hali ya juu kwa zama zile, na mwaka 1580 Sultani Murad wa Tatu akaamuru ibomolewe, kwa ushauri wa Sheikh wa Uislamu wa dola yake. Haikudumu hata miaka 3. Na hao hao tunaowacheka, mwaka 1582 Papa wao alitangaza kalenda iliyotengenezwa na wanahesabu kwa ajili ya Pasaka, zikarukwa siku 10, watu wakalala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Jirani yangu Mkristo anaijua Pasaka yake ya miaka mitano ijayo. Huniuliza, kwa adabu tu, "Mwalimu, Idi ni lini?" Nami hujibu "kesho au keshokutwa," kisha tunakaa kimya kidogo.

Nirudi kwa kijana yule. Sikusema alidanganya, na sisemi. Ila hakuulizwa hata swali moja la maana. Alisema alikuwa ufukweni, ameuona juu ya maji. Sasa, Mhariri, bahari ya Tanga iko mashariki. Mwezi uliozaliwa siku hiyo hufuata jua kutua magharibi, upande wa Muheza na milima ya Usambara, ambako mara nyingi jioni pamejaa mawingu. Wenzetu wa Mji Mkongwe, Unguja, ndio wenye bahati ya kuutafuta juu ya maji. Sisi ukitazama baharini jioni utaona ngalawa na giza linalokuja. Pili, pembe zilitazama wapi? Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala kama dau, pembe juu, tumbo likielekea kule jua lilikozama. Mtu akikuchorea pembe zimeinamia chini, mpe maji ya kunywa umshukuru. Tatu, ulikuwa juu kiasi gani, na ulikaa muda gani kabla ya kuzama? Maswali haya hayahitaji darubini wala digrii.

Mzee mmoja mvuvi ninayenunua kwake samaki aina ya changu alinifahamisha jambo hili vizuri kuliko nilivyolifundisha darasani. Wiki ile maji yalikuwa ya bamvua, ya kujaa na kupwa sana kama yafanyavyo mwezi uandamapo, na bamvua lenyewe kubwa. Yalipokupwa watu walitembea mbali wakiokota chaza. Nikamuuliza kama ameuona mwezi. Akasema, "Sijauona, lakini upo. Maji yameshaniambia." Jedwali la maji kujaa na kupwa huchapwa mwaka mzima kabla, kwa hesabu ya jua na mwezi, na meli za bandarini hulifuata. Sijasikia nahodha aliyesema asubiri shahidi.

Na kama kuna anayesema hesabu za wanafalaki, wataalamu wa mwendo wa jua, mwezi na nyota, ni za kubahatisha, akumbuke tarehe 1 Septemba 2016. Watu walisafiri hadi Rujewa, wilaya ya Mbarali, kuliona jua likiwa pete, kwa kuwa walishaambiwa mahali, siku na dakika. Hapa Tanga tuliliona limemegwa, limebaki kama kipande cha tikiti. Kupatwa kwa jua ni nini, kama si kule kuzaliwa kwa mwezi kunakotokea mbele ya macho yetu? Mwezi uliolifunika jua mchana ule ndio uliokuja kuwa wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija. Msikitini kwetu sala ya kupatwa ilitangazwa mapema, na tuliisali. Hakuna aliyesema tungoje kwanza tuone.

Wenzangu wa upande wa sayansi nao nina neno nao, maana baadhi yao wanawadhihaki masheikh mitandaoni kana kwamba hesabu imemaliza kila kitu. Haijamaliza. Saa ya kuzaliwa kwa mwezi inajulikana kwa dakika. Kuonekana kwake ni habari nyingine: kuna mawingu ya masika, vumbi, ukungu wa baharini na macho ya watu yanayotofautiana. Danjon, mwanafalaki wa Ufaransa, alieleza tangu miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauonyeshi hata uzi wa mwanga, na jioni ile ya Machi ulikuwa chini ya hapo. Rekodi ya macho matupu wanayoitaja wenyewe, ya mwaka 1990, ni mwezi wa takriban saa 15 na nusu. Kati ya "hauwezekani" na "utaonekana tu" kuna jioni nyingi za mashaka, na jioni hizo ni za masheikh na mashahidi wao. Mwanafalaki anyamaze, atoke nje atazame kama wengine.

Ninachoomba kwa wanaotangaza mwandamo ni hiki tu. Kila tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, kabla ya Magharibi, na tuambiwe hadharani mwezi umezaliwa saa ngapi, utazama dakika ngapi baada ya jua, na uko upande gani wa machweo. Kamati iwe na mtu mmoja wa falaki, hata akae pembeni bila kura. Na shahidi ahojiwe pembe na mahali kabla ya kuapishwa.

Mzee wa safu ya mbele bado tunasalimiana. Wiki iliyopita aliniombea dua ya mgongo. Nimemwambia Shaaban ijayo, siku ya 29, nitakuwa juu ya paa la nyumba yangu, linalotazama magharibi bila mwembe mbele. Ninayo darubini ya macho mawili, ya zamani, ambayo siruhusu mtu aishike kabla jua halijazama kabisa, maana inaweza kumpofusha. Nafasi ipo ya watu wanne. Ameuliza ngazi ni ya aina gani. Ni ya mbao, lakini nimeifunga kamba mpya.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga