Barua ya wazi: Mheshimiwa, Ngazija haina mto

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya maji,

Assalaam alaykum. Natumai umeamka salama na bombani kwako yanatoka.

Ijumaa iliyopita ulikuja kijijini kwetu, kusini ya mlima Karthala, volkano ya kisiwa chetu cha Ngazija, huku Komoro. Tulikutandikia mikeka, ukatuhutubia nusu saa, ukatuasa tuache kukata miti "kando ya mito yetu". Wazee wakatazamana. Mto gani, Mheshimiwa? Mimi nimezaliwa Unguja kwa baba Mngazija, huku nimerudi mtu mzima, na wiki ya kwanza tu nilishajua kwamba Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja. Visiwa jirani, Nzwani mito ipo, Mwali ipo. Kwetu mlima bado mbichi, mita 2,361 za mawe yenye matundu kama mkate wa kumimina. Mvua inanyesha kwelikweli, halafu inazama yote, ikifika pwani imeshaingia chumvi. Chai ya maji ya kisima cha pwani, itie sukari utakavyo, haijifichi. Ndiyo maana watu wa hapa, tangu mababu, wanakinga mvua kwenye mabirika, yaani matangi ya kujengwa.

Na birika letu lina ufa. Kidole cha shahada kinaingia mpaka kifundo cha pili. Mimi nadhani ni mitetemeko ya 2005 mpaka 2007, mlima ulipokuwa haukai kimya. Fundi wetu anasema saruji ilizidishwa mchanga. Pengine yote mawili. Novemba 2005 majivu yaliingia birikani, tukachuja maji kwa kanga na bado yanakwaruza meno. Hapo ndipo tulipoahidiwa birika jipya lenye kifuniko. Kisha Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaondoka na mabati yaliyokuwa yakishusha maji, tukaahidiwa tena. Wewe ni wa nne kuja, na ahadi yako ni ya tatu. (Mmoja hakuahidi kitu. Huyo namheshimu.)

Lava iliposhuka kijiji cha Singani mwaka 1977 ikazika nyumba, hakuna aliyelaumiwa, mlima ni wa Mungu. Birika ni la serikali.

Jumapili, siku mbili baada ya hotuba yako, binti yangu alitupa ndoo. Haikusikika "chubwi", ilisikika "krrr". Ikapanda na tope jeusi na viluwiluwi. Boza la maji dereva hapandi huku bila kulipwa kwanza, na akifika nusu ameshaimwaga njiani kwa mashimo ya barabara, au ameiuza, sijui. Mgongo wangu ni wa mwanamke wa miaka 58. Dumu moja kichwani, moja mkononi, na mteremko ule unaujua, gari yako ilikwama pale.

Nisamehe, lakini nalisema: maji uliyonawa mikono Ijumaa ile kabla ya pilau yalikuwa ya chupa. Tuliyachangia mlango kwa mlango.

Sasa kusi inaisha. Mvua za kaskazi zikianza na ufa ule upo, zitapita birikani kama zinavyopita mlimani, na mwakani tutatandika mikeka tena. Birika jipya lisubiri. Kifuniko nacho kisubiri, hata mabati tutaokoteza wenyewe. Tuletee saruji ya kuziba ufa. Fundi tunaye, mchanga tunao, tele. Saruji tu, Mheshimiwa, kabla ya kaskazi.

Mkaazi wa kusini ya Ngazija