Roboti wa kuwaliwaza wazee ajue na Kigogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie roboti wanaotumika kuwachangamsha wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Japani yupo Paro, roboti mwenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) na manyoya meupe, ambaye akipapaswa hufumba macho na kutoa sauti, na ambaye mwaka 2009 alitambuliwa Marekani kama kifaa tiba. Haponyi ugonjwa, humtuliza mgonjwa aliyefadhaika na kumfanya azungumze na waliomzunguka, jambo ambalo si dogo kwa anayemuuguza.

Kwetu Chamwino, bibi yangu aliyesahau majina ya wajukuu zake bado huimba nyimbo za Kigogo za kupura uwele, ubeti kwa ubeti, mradi apatikane wa kumwanzishia. Roboti asiyejua ila Kiingereza hataufikia utajiri huo. Kwa hiyo naviomba vyuo vikuu vilivyopo Dodoma, kabla ya kuagiza mashine za gharama, virekodi nyimbo, vitendawili na maamkizi ya wazee wenyewe kwa ridhaa yao, na wanaowatunza wafundishwe kukitumia kifaa hicho wakiwa wameketi nao, wala wasiwaachie mashine wakaenda zao shambani.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma