Nilisema utafute kibarua, sikusema saa 30 kwa wiki

Mdogo wangu,

Tangu siku ile mbele ya mama hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa hapa, na wapitao wasome tu. Ulisema sapu, yaani mtihani wa kurudia, umeshika wewe lakini aliyekushikisha ni mimi. Neno hilo halijanitoka. Nilikwambia utafute kibarua, ndiyo. Saa 30 kwa wiki juu ya masomo 5 ulijitwisha mwenyewe.

Ulipiga hesabu ya mfuko, ukaruka hesabu ya saa. Wiki ina saa 168. Ukilala 8 kila usiku zinaondoka 56, zinabaki 112. Masomo 5, kila moja vipindi vya saa 3, ni 15. Na kila saa ya darasani inadai kama 2 za kujisomea, kwa hiyo masomo peke yake yanakula 45. Zimebaki 67. Kuoga, kula, kufua, kwenda chuoni na kurudi, hata ukijibana vipi ni saa 4 kwa siku, yaani 28. Una 39 mkononi, na hapo hujaugua, hujakaa na wenzako kwenye kazi ya kikundi, hujapumzika hata jioni moja. Toa 30 uone kilichobaki. Ndiyo maana nasema saa 12 hadi 15, na 20 ndiyo ukuta.

Tena si kila saa tupu ni saa ya kazi. Zile nafasi za saa moja moja kati ya kipindi na kipindi ni za kusomea, hazimfai mwajiri yeyote. Chora wiki yako kwenye karatasi kwa vyumba vya nusu saa, jaza kwa penseli vipindi, maabara, safari na usingizi, kisha tafuta panapobaki saa 4 au zaidi mfululizo. Mara nyingi utapata sehemu 3 au 4 tu. Hizo ndizo unazouza.

Na ukiziuza, gawanya malipo kwa muda wote uliotoka nyumbani. Zamu ya saa 4 yenye dakika 45 za kwenda na 45 za kurudi ni saa 5 na nusu. Kazi ya ndani ya chuo inayolipa robo tatu ya malipo ya zamu hiyo kwa saa tayari imeipita kidogo, na bado hujatoa nauli. Kaunta ya maktaba, kuandaa vifaa vya maabara, kuwafundisha wa mwaka wa kwanza somo ulilofaulu vizuri: kule msimamizi anajua mitihani ni lini bila kuambiwa. (Kufundisha nako kuna siri yake. Mwanzoni kila saa moja ina nusu saa ya kujiandaa, na hiyo halipi mtu.) Kunukuu sauti iliyorekodiwa kwenye kompyuta kunaonekana rahisi, ila saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa 4 au zaidi. Na anayekudai ada ya kusajiliwa ili upate kazi, mwache hapo hapo.

Wewe ukachagua pa kufunga usiku. Ratiba inasema zamu inaisha saa 4. Bado kuhesabu fedha, kudeki, kupanga bidhaa. Unatoka saa 5, na saa 2 asubuhi una kipindi.

Siwezi kuisahau ile sare ya kazi. Ulisimama mlangoni umeivaa, kalamu mkononi, mtihani una dakika 40 tangu uanze, ukaniambia mwenzako hakutokea wakakuomba uendelee. Ulimwonea aibu msimamizi. Mimi hukunionea haya mbele ya mama.

Dawa yake ilikuwa siku ya usaili. Unakwenda na tarehe za mitihani zimeandikwa, unaziacha mezani, na unaomba tangu siku hiyo kwamba wiki 2 kabla ya mitihani zamu zako zipungue nusu. Kisha unauliza. Ratiba ya zamu hutoka siku ngapi kabla? Wakisema 14, kaa. Wakisema 2, shukuru uondoke. Saa ni za uhakika au ni "tutakupigia"? Siku za mafunzo zinalipwa? Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, na nani anaidhinisha? Ukibadilishana, mtumie msimamizi ujumbe wa maandishi, akujibu. Kwa mdomo tu, mwenzako asipofika utakayeandikwa mtoro ni wewe.

Wasifu ukurasa mmoja unatosha, lakini juu kabisa, chini ya jina, weka siku na saa zako: "Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 8 mchana, Jumamosi kutwa." Wewe uliandika "nipo tayari muda wowote", na mwajiri akakuamini. Haya, najua. Sentensi hiyo nilikupa mimi. Lakini mimi niliizoea kwa anayeomba kazi ya kudumu, ambaye hana darasa la kukimbilia, na wewe ungeweza kuifuta. Ungeweza hata kuniuliza. Hilo moja nalibeba; yale mengine sibebi.

Muhula ujao anza kuulizia wiki 4 kabla chuo hakijafunguliwa, maana nafasi za ndani ya chuo huisha mapema. Ila usifunge makubaliano ya siku zako mpaka ratiba ya mwisho itoke. Vipindi vya maabara na semina huhamishwa sana wiki ya kwanza na ya pili. Ikitoka nitumie picha kabla hujampa mtu yeyote neno lako, tuijaze pamoja kwa penseli.

Na simu upokee, hata kama ni kunigombeza.