Barua ya Wazi kwa Mwakilishi Wadi Wetu: Tuonyeshe Mkataba wa Muungano

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Tumekuuliza kwa mdomo, tukakuuliza kwa barua, na juzi barazani, mbele ya wazee waliokuombea kura, ukasimama ukasema makubaliano ya muungano ni mambo ya chama na hayatuhusu. Ndiyo maana leo tunakuandikia hadharani, hapa Lamu na popote barua hii itakapofika.

Yanatuhusu. Tarehe 9 Agosti 2022 tulikuchagua ukiwa mgombea wa upande mmoja. Leo unakaa na upande mwingine, unapiga kura na upande mwingine, na ukiulizwa unataja serikali jumuishi. Hatukukatazi kushirikiana na mtu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaruhusu vyama kuungana kabla ya uchaguzi au baada yake. Lakini sheria hiyo hiyo inataka mkataba ulioandikwa, ulioidhinishwa na vikao vya juu vya kila chama, ukathibitishwa kwa kiapo, kisha ukawasilishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Mkataba uliofanywa baada ya uchaguzi lazima umfikie Msajili ndani ya siku 21 tangu utiwe saini. Ndani yake lazima mtaje vyama vilivyomo, sera mlizokubaliana, jinsi mtakavyogawana nyadhifa, jinsi mtakavyoamua mambo, na pa kwenda mkigombana.

Tafadhali ulifikirie vizuri jambo hili, kwa sababu linakugusa wewe kabla ya kutugusa sisi. Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema mwakilishi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hupoteza kiti akijiuzulu kutoka chama hicho au akihesabiwa kuwa amejiuzulu. Na anayepigia debe chama kingine huhesabiwa kuwa amekihama chake. Kinachomkinga mtu aliye katika hali yako ni muungano halali baina ya vyama hivyo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, yako mawili tu. Ama karatasi ipo, na sisi tuna haki ya kuiona. Ama haipo, na umelihamisha jina la wadi yetu kwa neno la mdomo mliloambizana na kiranja wa upande wa pili.

Usituambie kwamba miungano ni siri kwa desturi yake. Mkataba wa 28 Februari 2008 baina ya Mwai Kibaki na Raila Odinga ulitiwa saini mbele ya kamera nje ya Harambee House, ofisi ya Rais jijini Nairobi, na mwezi uliofuata Bunge la taifa likaupitisha kuwa sheria. Wakenya wakaiita serikali ile nusu mkate, wakaisema sana, lakini kila aliyetaka kujua nani kapewa nini alijua. Makubaliano ya 7 Machi 2025 baina ya UDA, chama cha William Ruto, na ODM, chama cha Raila Odinga, yalitiwa saini hadharani katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, yakiwa na hoja kumi zilizosomwa na kuchapishwa, na kulinda ugatuzi ni mojawapo. Wakubwa wameyaweka yao mezani. Ya huku chini, yanayoamua zahanati na gati zetu, ndiyo yanayofichwa.

Na hata kwingineko duniani wanaogawana bunge la mkoa huonyesha karatasi. Jimbo la Thuringia, Ujerumani, lilipiga kura tarehe 1 Septemba 2024. Vyama vitatu, CDU, BSW na SPD, vilipata jumla ya viti 44 kati ya 88, nusu kamili bila hata kura moja ya ziada. Walijadiliana kwa wiki nyingi, wakaandika mkataba wao, wakauchapisha wenye nchi wausome, na tarehe 12 Desemba ndipo Mario Voigt akachaguliwa kuongoza serikali ya jimbo. Hawakuwa na wingi wa kujivunia. Walikuwa na mkataba unaosomeka.

Kwetu uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi kwa sababu Bunge letu la Kaunti ni dogo. Kaunti ya Lamu ina wadi 10. Wakishinda wanaume pekee, Katiba inataka waongezwe wanawake 5 ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili, achilia mbali wawakilishi wa makundi yaliyotengwa. Chukua basi Bunge la watu 15: wingi ni kura 8. Watu wawili wakihama benchi, kila kitu kimehama nao. Gavana huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa hiyo muungano wa Bungeni haumweki wala haumwondoi siku ile ile. Lakini mawaziri wake wa kaunti lazima waidhinishwe na Bunge, wenyeviti wa kamati huchaguliwa kwa hesabu hiyo hiyo ya benchi, na bajeti hupita kwa kura hizo hizo. Tena viti maalum hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimepata, maana yake kura yetu haikukupeleka wewe peke yako. Ilimsogeza pia mtu wa orodha ya chama chako. Ukihama nayo, umehama na zaidi ya kura moja.

Sasa tuje kwenye bajeti, maana hapo ndipo tunapoumia.

Mradi wowote wa wadi, tuseme kukarabati jabia, yaani sakafu ya kukingia mvua pamoja na birika lake, una safari yake. Lazima uwe kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaowasilishwa Bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Kisha uingie katika viwango vya matumizi vya Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao huletwa kufikia 28 Februari na Bunge lina siku 14 tu za kuupitisha. Kisha uonekane kwenye makadirio ya 30 Aprili. Kisha Bunge liidhinishe makadirio kufikia 30 Juni. Mradi ukidondoka katika hatua moja, hurudi kwa bajeti ya ziada tu, na bajeti ya ziada huamuliwa na wachache.

Jabia lenyewe halingoji siasa. Sakafu yake ya kukingia mvua ikipata ufa, maji hupotelea ardhini kabla hayajafika birikani, na mwanya wa upana wa kidole unatosha kuiharibia nyumba nyingi msimu mzima. Ukarabati wake unataka ukavu: kuondoa lipu iliyolegea, kujaza nyufa, kupiga lipu mpya kwa mteremko, kisha kuiacha ikauke vizuri huku ikinyunyiziwa maji isipasuke tena. Kazi hiyo ni ya wakati wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, masika hayajaingia. Ili fundi aanze Januari, zabuni iwe imefungwa kabla ya mwaka kuisha. Ili zabuni ifungwe, fungu liwe limepitishwa Juni. Mkivutana juu ya uenyekiti wa kamati ya bajeti mpaka makadirio yachelewe, mnapata kura zenu baadaye, lakini kaskazi imeshapita. Mvua ya masika inaangukia sakafu yenye ufa, na kina mama wa visiwani wananunua maji kwa madumu.

Tena kumbuka kwamba sheria ya fedha za umma hairuhusu Bunge kuongeza fungu moja bila kupunguza jingine kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo fungu la wadi yetu likitoweka kati ya Aprili na Juni, halikupotea. Limekwenda kwa mtu. Tunashuku, na tunasema wazi kuwa ni shaka yetu, kwamba mgawanyo huo ni sehemu ya bei ya muungano wenu: nani awe mwenyekiti, wadi ipi ipewe barabara, wadi ipi ingoje. Kama tumekosea, mkataba utatusahihisha kwa siku moja. Uweke wazi.

Makubaliano ya mdomo yana ubaya mwingine ambao wewe, kwa uzoefu wako, unaujua. Mshirika akivunja ahadi, mkataba uliosajiliwa unakupa pa kwenda: kwanza utaratibu wa ndani wa muungano, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa. Makubaliano ya mdomo hayana mlango wa kubisha. Mwaka 2022 baadhi ya viongozi wa vyama kitaifa walilalamika hadharani kwamba hawajauona mkataba wa muungano waliojiunga nao. Ikiwa hao walikwama, wadi yetu itasikilizwa na nani?

Uliahidi kwenye kampeni, na walioshuhudia ni wengi, kwamba hutapiga kura ya bajeti kabla ya kurudi kwetu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liendeshe kazi zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi. Kubandika tangazo kwenye gazeti la Nairobi hakutoshi. Mtu wa Kiunga au Basuba hulipata wapi gazeti hilo kwa wakati, na nauli ya boti ya kumfikisha kikaoni atailipa nani?

Tunakuomba, Mheshimiwa, utuletee nakala ya mkataba unaokufunga, kurasa zote pamoja na viambatisho vya mgawanyo wa nyadhifa, na uthibitisho kwamba ulipokelewa na Msajili. Kama ni wa kitaifa na kuna nyongeza ya kaunti, tunataka na hiyo nyongeza. Tunakuomba pia udai kura ya makadirio ipigwe kwa kuhesabu majina, ili Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ionyeshe ulisema ndiyo au la. Kura ya sauti haina jina la mtu.

Ichukue barua hii kuwa ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inakubali ombi la Kiswahili, haitutaki tueleze sababu, na inatoa siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027 na hatutaki kuufikia tukiwa maadui. Wengi waliokubaliana na barua hii walikupigia kura, na baadhi yao bado wanakutetea mabarazani. Hawakuombi kazi, wala fedha, wala urudi benchi ulikotoka. Wanaomba mkataba. Ulete kabla ya makadirio ya 30 Aprili, usomwe kwa Kiswahili barazani, nawe uwepo ujibu maswali.

Tuonyeshe mkataba, Mheshimiwa.

Wakazi wa wadi yako,
Lamu